Escudo Iliyokuwa Kiota cha Kuku

Otuoma alipata kiharusi akiwa amebakiza miezi minne kustaafu. Alikuwa fundi wa injini za meli bandarini Mwanza, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na tisa. Asubuhi hiyo alikuwa ameinama juu ya pampu ya mafuta akiwaeleza wenzake jambo, maneno yakamwishia katikati. Wenzake walidhani anafikiri. Kisha spana ikamponyoka mkononi, naye akaifuata chini.

Alitoka hospitali baada ya wiki tano. Upande wake wote wa kulia ulikuwa umelala, mkono na mguu, na maneno yalikuwa yamepotea. Lilibaki moja tu, la Kijaluo cha kwao Shirati: "Ooyo." Maana yake hapana. Ukimuuliza kama anataka uji, atasema ooyo, halafu anaunywa wote. Mke wake, Aloo, alijifunza kumwangalia macho badala ya kusikiliza neno.

Daktari alisema ahudhurie mazoezi ya viungo mara tatu kwa wiki na asikose, kwa sababu miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa. Shida ilikuwa nyumba. Waliijenga Butimba, juu kabisa kwenye mawe, kwa sababu Otuoma alitaka akiwa nyumbani bado aone meli zikiingia na kutoka. Wakati ule alikuwa anapanda kilima hicho na mfuko wa saruji begani. Sasa bajaji zilikuwa zinaishia chini, madereva wa teksi wakiangalia njia yenyewe wanatikisa kichwa, na pikipiki walijaribu mara moja tu, akateleza upande wa kulia kama gunia lililofungwa vibaya.

Ikabidi vijana wanne wa jirani wawe wanambeba kwenye kiti cha plastiki mpaka barabarani. Watu walikuwa wakitoka milangoni kumpa pole, na wengine walimpa pole kwa sauti ya juu, kana kwamba masikio nayo yamepooza. Safari ya tatu, walipofika nusu ya njia, Otuoma aliung'ang'ania mpera wa watu kwa mkono wake mzima na kusema, "Ooyo." Safari hiyo neno na macho vilisema kitu kimoja. Wakamrudisha nyumbani, na hakushuka tena.

Ikapita miezi miwili. Kila siku alikaa kibarazani akitazama ziwa. Mguu ukaanza kukakamaa.

Aloo alikuwa fundi cherehani na kibanda chake kilikuwa Mkuyuni. Nyuma ya kibanda kulikuwa na uwanja wa mtu mmoja aliyeitwa Mashimba, muuza vipuri vya magari yaliyokufa. Mchana mmoja Aloo alikwenda huko kutafuta kivuli, akaona Suzuki Escudo ya kijani, fupi, ya milango mitatu, imezama kwenye magugu mpaka kwenye vitasa. Alifungua mlango ili akae. Kuku akamtokea usoni akipiga kelele.

"Mama, humo usiingie," Mashimba alimwambia kutoka chini ya lori alilokuwa analifungua. "Kuku wangu anatagia humo."

"Unaiuza?"

"Kuku?"

"Gari."

Mashimba alitoka chini ya lori akicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akajifuta mikono. "Hili lina mwaka wa nne hapa. Mwenyewe aliliendesha bila maji kutoka Usagara mpaka hapa mjini. Likachemka, likazima, halikuwaka tena. Mimi naliuza vipandevipande."

"Umeshauza vipande gani?"

"Taa za nyuma na redio."

"Mlima linapanda?"

"Lilikuwa linapanda. Linavuta tairi zote nne, mama. Lakini hilo si gari tena, injini imekufa. Utalipeleka wapi?"

Aloo alizunguka lile gari mara mbili, akaipiga bodi kwa vidole hapa na pale, kama anavyopima kitambaa. Gari linalotembea lilikuwa mbali na uwezo wao. Hili, kama angeuza mashine yake ya kudarizi, lilikuwa karibu. Wiki iliyofuata aliuza mashine ile kwa dada mmoja wa Buzuruga, akamlipa Mashimba.

Binti yao Favour, aliyekuwa akifanya kazi Dodoma, alipiga simu jioni ile ile. "Mama, ni kweli umeuza mashine ya kudarizi ukanunua kiota cha kuku?"

"Nimenunua gari la kumpeleka baba yako mazoezi."

"Haliwaki, mama."

"Baba yako ni fundi wa injini."

"Alikuwa," alisema Favour, kwa sauti ndogo.

Aloo hakugombana naye. Alijua kwamba mtoto amesema kile ambacho hata yeye alikuwa anakiogopa.

Gari lilivutwa mpaka mlimani na lori la mchanga. Dereva wa lori alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, jina lake Winnie, aliyezoea kupeleka mchanga kwenye viwanja vya juu ambavyo wenzake walivikataa. Alipolifikisha uani alishuka, akafungua mnyororo, akamwendea Otuoma kibarazani na kuinama kidogo. "Shikamoo, baba. Nimekuletea mgonjwa."

Otuoma alilitazama lile gari, akamtazama mke wake. Aloo alikuwa ametarajia angalau ashangae. Badala yake alisukuma sakafu kwa mguu wa kushoto, mara moja, mara mbili, mpaka kiti chake kikageukia ukuta. Alikaa hivyo mpaka jua lilipozama, na siku mbili zilizofuata alikaa hivyo hivyo.

Siku ya nne Aloo alivaa suruali ya kazi ya mume wake, akaikunja miguu, akalitoa sanduku la zana uvunguni mwa kitanda. Hakuna mtu aliyeligusa tangu siku ya kiharusi. Kufuli zake zilipolia, kiti cha kibarazani kilitikisika, lakini hakikugeuka. Aloo alitandika gunia, akaingia chini ya gari. Alikuwa amesikia kwa watu kwamba kitu cha kwanza ni kumwaga oili ya zamani. Alitafuta nati kubwa, akaipata, akaifungua kwa shida. Oili nzito ikaanza kumwagika kwenye beseni.

Fimbo ya kutembelea aliyopewa Otuoma hospitali ikapigwa kibarazani. "Ooyo. Ooyo."

Aloo alichungulia kutoka chini. Otuoma alikuwa amegeuka, uso umemwiva kwa hasira.

"Nimekosea?"

Fimbo ikanyooshwa kuelekea mbele ya gari, chini ya injini yenyewe.

"Kwa hiyo hii niliyomwaga ni ya nini?"

Otuoma alinyanyua mkono wake wa kushoto hewani, akautikisa mbele na nyuma kama mtu anayebadilisha gia.

"Oili ya gia," Aloo alisema. "Haya. Ingebidi itolewe tu siku moja." Akajivuta kwenda mbele. "Ni hii?"

"Ooyo," alisema Otuoma, huku akiitikia kwa kichwa.

Aloo alilala pale chini akacheka mpaka machozi yakamtoka. Aliponyanyua kichwa aliona bega la mume wake likitikisika pia.

Siku hiyo waliwekeana utaratibu. Fimbo ikigonga mara moja, simama. Ikigonga mara mbili, endelea. Winnie, aliyekuwa akishusha mchanga kiwanja cha jirani, alisaidia kusogeza kiti cha Otuoma mpaka uani, kikawekwa mbele ya boneti chini ya turubai, na kuanzia hapo Aloo akawa anafunga kibanda chake saa nane mchana ili wafanye kazi mpaka giza liingie. Kila kitu walichokifungua, Otuoma alitaka kikae kwenye kitambaa kwa mpangilio wake. Kwa Aloo hilo halikuwa geni. Miaka yote alikuwa akipanga vipande vya gauni mezani kabla ya kushona. Alishangaa tu jinsi injini ilivyofanana na gauni. Kila kipande kilikuwa na mwenzake, na ukilazimisha kisichopatana, utaharibu vyote viwili.

Walipoitoa silinda hedi, yaani kile kifuniko kizito cha juu ya injini, ugonjwa ulionekana wazi. Gasketi ya kuziba iliyokuwa chini yake ilikuwa imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu, mahali peusi penye upana wa kidole. Aloo alikipakia kifuniko kwenye lori la Winnie, wakakipeleka Mkuyuni kwa Ngosha, fundi mwenye mashine za kuchonga vyuma. Ngosha alikitazama kwa jicho moja.

"Kimepinda hiki. Tafuta injini nyingine, mama."

"Kimepinda kiasi gani?"

"Gari lililochemka bila maji hivyo huwa halifai tena. Mimi nakuonea huruma tu."

Aloo alirudi nacho nyumbani, akakiweka kwenye mapaja ya mume wake, akamweleza. Otuoma alisikiliza, kisha akaelekeza fimbo kwenye meza ya kushonea. Aloo alimletea mkasi, akakataa. Alimletea chaki, akakataa. Alipomletea rula ndefu ya chuma ya kukatia vitambaa, akaipokea. Aliilaza juu ya kile kifuniko, akachana kwa meno kipande cha karatasi nyembamba kutoka kwenye pakiti ya majani ya chai, akajaribu kukipitisha chini ya rula. Mwisho mmoja hakikupita. Mwisho wa pili hakikupita. Katikati kilipita, lakini kwa kubana. Akakikunja mara mbili, akajaribu tena. Hakikupita.

Alimtazama Aloo mpaka alipoona ameelewa.

Kesho yake Aloo alikuwa kwa Ngosha na rula yake mkononi. "Kimepinda katikati tu, na si zaidi ya unene wa karatasi hii. Weka rula uone mwenyewe. Kisage kiasi hicho, usizidishe."

Ngosha aliweka rula, akapitisha karatasi, akakuna shingo. "Nani kakufundisha hivi?"

"Fundi wangu."

"Fundi gani?"

"Otuoma, wa bandarini."

Ngosha aliweka rula chini taratibu. "Otuoma yule wa meli? Mimi niliambiwa amefariki."

"Umeambiwa vibaya," alisema Aloo.

Kifuniko kilisagwa siku ile ile. Mashimba naye aliposikia kazi inasonga alimtafutia gasketi mpya na rejeta iliyotumika kidogo. Jumamosi asubuhi walikuwa tayari kufunga.

Bolti zilikuwa kumi. Otuoma alichora kwa mkaa kwenye sakafu ya baraza, kwa mkono wa kushoto, namba kama za mtoto wa darasa la kwanza: zianze za katikati, ziishie za pembeni, na kila moja ikazwe kwa awamu tatu. Awamu mbili zilienda vizuri. Awamu ya tatu Aloo alikuwa amechoka na jasho linamwingia machoni. Alipofika bolti ya saba, fimbo ikaanza kugonga. Iligonga mara moja, halafu tena, halafu tena na tena, kwa haraka. Aloo alisikia nyingi, akaelewa endelea, akavuta spana kwa uzito wake wote.

Bolti ikakatika. Kichwa chake kikabaki ndani ya spana, na mwili wake ndani ya injini.

Otuoma akapiga fimbo kwenye boneti kwa nguvu mpaka rangi ikabanduka. "Ooyo. Ooyo. Ooyo."

"Ulisema mbili ni kuendelea," Aloo alisema. "Umegonga mara kumi. Mimi nitajuaje?"

"Ooyo."

"Sema basi neno lingine. Hata moja." Alitupa spana kwenye mawe. "Mimi si mkono wako, Baba Favour. Nina mikono yangu miwili, na kazi yake ni kushona. Nimeuza mashine. Nimeacha wateja wa harusi. Nimelala chini ya chuma mwezi mzima. Na wewe kazi yako ni kunigongea fimbo kama ng'ombe."

Aliingia ndani na kukaa kitandani. Aliogopa alichokisema, lakini hakutaka kukirudisha. Kwa miezi yote ile alikuwa hajalia mbele ya mtu, na hata sasa alilia na mto mdomoni.

Alipotoka, baada ya kama nusu saa, kiti kilikuwa kitupu.

Otuoma alikuwa amesimama. Kiuno amekiegemeza kwenye bampa, mkono wa kushoto umeshika ukingo wa boneti, na mguu wa kulia ameuburuta nyuma yake. Mstari wake ulionekana kwenye vumbi, hatua nne kutoka kwenye kiti. Alikuwa ameinama juu ya injini akitazama tundu la bolti ya saba. Hakugeuka. Alisogeza tu kiwiko kidogo, kumpa mke wake nafasi ya kusimama pembeni.

Aloo alisimama. Mabega yao yaligusana. Kwa muda walitazama kile chuma kilichovunjika kama watu wawili wanaotazama kisima.

Kazi ya kukitoa iliwachukua siku mbili. Ilibidi kifuniko kitolewe tena. Aloo alishika ncha ya chuma katikati ya kipande kilichobaki, Otuoma akaigonga kwa nyundo ndogo kwa mkono wa kushoto, mkono ambao haukuwahi kushika nyundo maishani. Mara mbili alimgonga mke wake kidole. Kisha Aloo akatoboa kwa drili nyembamba, na ukelele wa chuma ulipozidi, alisikia sauti sikioni.

"Mos."

Alizima drili. Mos kwa Kijaluo ni polepole. Alimgeukia mume wake, na mume wake alionekana kushangaa kuliko yeye.

"Umesema mos?"

"Mos," alirudia Otuoma, kwa uangalifu, kama mtu anayejaribu jino jipya.

Basi akaendelea polepole. Tundu lilipofika kina cha kutosha, Otuoma aliingiza chuma cha kung'olea bolti zilizokatika, akakizungusha mwenyewe. Alikuwa akipumzika kila baada ya robo mzunguko, amelala kifudifudi juu ya madigadi ya gari na kuhema. Jua lilikuwa linaelekea magharibi kile kipande kilipotoka, kidogo kama kipande cha chaki. Alikishika kiganjani, akampa Aloo.

Walinunua bolti kumi mpya, gasketi nyingine, betri, na oili ya injini na ya gia. Safari hii fimbo iliwekwa mbali, na Otuoma alisimama pembeni mkono wake ukiwa juu ya mkono wa Aloo kwenye spana. Alipotaka Aloo asimame, alibana vidole. Hapakuwa tena na cha kuhesabu.

Gari liliwaka Alhamisi, saa nne asubuhi. Lilikohoa kwanza, likatoa moshi mweupe uliofunika uani na nguo zilizoanikwa, likazima. Aloo alizungusha ufunguo tena. Likashika. Likatetemeka kama linataka kuzima, kisha injini ikatulia, ikaanza kunguruma sawasawa. Otuoma aliweka kiganja juu ya boneti na kuinamisha kichwa, akisikiliza upande mmoja, kisha wa pili. Alisikiliza muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na Aloo hakumharakisha.

Ilibaki jambo moja: Aloo hakujua kuendesha. Winnie alimfundisha kwa wiki sita, alfajiri, kwenye uwanja wa mpira kwanza na baadaye kilimani penyewe. Winnie hakuwa mwalimu mpole. "Mama, klachi si pedali ya cherehani," alimwambia siku ya pili. "Usiipigepige. Iachie kama unamlaza mtoto." Aloo aligonga mti mmoja, akabomoa banda moja la jirani, akalijenga upya, na akapata leseni.

Siku ya kwanza ya kumpeleka Otuoma mazoezi Aloo alikuwa amekesha kwa hofu. Mume wake alitembea mwenyewe mpaka mlangoni mwa gari, kwa fimbo na bega la Winnie, akapanda. Walishuka kwa gia ya kwanza, mawe yakisaga chini. Waliokuwa wakimpa pole zamani walitoka milangoni, safari hii wakapunga mikono tu.

Mtaalamu wa mazoezi alimpima mguu, akakunja uso. "Mmechelewa sana kurudi," alisema. Aliunyanyua mkono wa kulia, akauacha, ukaanguka. "Huu siwezi kukuahidi kitu." Kisha akamwambia Otuoma asimame. Otuoma akasimama. Akamwambia atembee mpaka dirishani. Akatembea, akiburuta. Yule mtaalamu alitazama faili lake, kisha akamtazama Aloo. "Hapa imeandikwa hawezi kusimama bila kushikwa. Amekuwa akifanya mazoezi wapi?"

"Nyumbani," alisema Aloo. "Alikuwa na kazi."

Mkono wa kulia haukurudi. Vidole viwili vilianza kukunjika kufikia mwezi wa tatu wa mazoezi, basi, vikaishia hapo. Maneno yalirudi kwa kuchelewachelewa, moja moja, mengine ya Kijaluo, mengine ya Kiswahili, na mara nyingine lilikuja neno lisilohusika kabisa, akalikasirikia. Jioni, Ngosha alianza kupanda kilima na vipande vya injini za watu vilivyomshinda, kumwonyesha. Otuoma alisikiliza, akaonyesha kwa kidole, na alipoweza akasema.

Jumapili moja, baada ya kanisa, walikwenda Misungwi kumwona ndugu, na wakirudi wakasimama Usagara, pale barabara zinapokutana, kununua viazi vitamu. Aloo alikuwa na mguu juu ya breki na bado anatafuta pa kuegesha vizuri, lori likimpigia honi nyuma. Alipogeuka aone kama mume wake yuko sawa, mlango wa kushoto ulikuwa wazi na Otuoma ameshashuka. Alikuwa amesimama mbele ya mama mmoja aliyepanga viazi chini kwa mafungu.

Aloo alitaka kuteremsha kioo amsaidie kusema. Akajizuia.

"Hivi," Otuoma alisema. Akatulia, akalitafuta neno, na yule mama akamsubiri huku akifukuza nzi kwa kitambaa. "Vime... vimechimbwa lini?"

"Jana jioni, baba. Bonyeza uone, bado vina udongo mbichi."

Otuoma alining'iniza fimbo kwenye kiwiko, akainama, akachukua kimoja na kukibonyeza. Akakirudisha. Akachukua kingine. Yule mama alihudumia wateja wawili, akamgeukia tena.

"Baba, chagua basi, utavimaliza kwa vidole," alisema, kwa sauti ile ile aliyowasemesha wale wawili, na kumsogezea ndoo ya kuwekea.